Nchi Ilinunuliwa Kabla ya Perrine

Jumatatu, 14 Novemba 1803

Ukadirio. Nalifafanua neno hili kwanza, kwa sababu kesho nitalitumia kwa niaba ya dada yangu na sitaki kulitumia ovyo.

Ukadirio ni tendo la mahakama, si la hisani. Mtumwa anayetaka kujikomboa humwomba hakimu apange bei yake. Bwana wake haulizwi kama anataka. Mkadiriaji mmoja huchaguliwa na mtumwa, wa pili na bwana. Wakitofautiana, hakimu huteua wa tatu. Hakimu akishatia sahihi, bei imefungwa: haipandi, na mwenye kuilipa hazuiliwi na mtu. Kabla ya sahihi hiyo hakuna ukadirio. Kuna mazungumzo tu.

Miaka kumi na mmoja nimenakili hati za namna hii katika ofisi ya Don Anselmo, mthibitishaji wa hati. Sijawahi kunakili iliyonihusu.

Mama yetu alikuwa mmoja. Baba yangu alinilipia bei ya uhuru siku ya ubatizo wangu. Baba yake Perrine hakulipa. Tofauti yote iliyopo baina yetu ni hiyo. Perrine ni mtumwa wa mjane Maransac. Alfajiri huuza vitumbua vya mchele kando ya ukingo wa mto. Sehemu ya mapato ni ya mjane, sehemu ni yake. Ameweka akiba kwa miaka tisa.

Mji mzima unajua kwamba Mhispania anairudisha nchi kwa Mfaransa, na kwamba Mfaransa amekwisha kumuuzia Rais wa Wamarekani. Makabidhiano labda ni kabla ya mwaka mpya. Leo Perrine aliniuliza kama hao Wamarekani wana ukadirio. Nikasema sina hakika.

"Wewe, kaka? Huna hakika? Basi hawana."

Alhamisi, 17 Novemba

Ombi limepokelewa. Hakimu, Don Evaristo Salcines, amempa mjane siku sita ataje mkadiriaji wake.

Alasiri mjane aliniita kwake. Kahawa, kiti kizuri, tabasamu. "Valéry mwanangu, kwani mimi na Perrine tuna ugomvi? Si angeniambia tu! Mambo ya nyumbani mnayatoa nje, mnawapelekea Wahispania?" Nikamjibu kwamba sheria haidai kuwe na ugomvi. Akacheka hadi kikombe kikatikisika. "Sheria! Wenye sheria wanafungasha makasha yao, na wewe unaniletea sheria."

Niliaga kwa adabu zote.

Jumatano, 23 Novemba

Mjane amemtaja mkadiriaji wake saa ya mwisho ya siku ya mwisho: wakala wake, Lacaze, ambaye yuko safarini juu ya mto hadi tarehe 28. Ni halali kabisa. Ndicho kinachonichoma — uhalali wake!

Chumba cha juu ya ofisi yetu kimepangishwa kwa mwanasheria kutoka Kentucky, Bwana Haskins. Mrefu, mwekundu, mcheshi, hajui neno la Kihispania. Namtafsiria mikataba. Nilimwuliza Rais wake alipata wapi mamlaka ya kununua nchi. Akakuna kidevu.

"Bwana Karani, umeniuliza swali ambalo limewatoa watu jasho kule kwetu. Katiba haisemi popote kwamba Rais anaweza kununua nchi. Hata banda la kuku haisemi."

Nikasema: basi hawezi.

"Ndivyo chama chake mwenyewe kilivyokuwa kikihubiri! Miaka yote — Rais asiguse lolote ambalo hakuandikiwa. Sasa wamenyamaza kama maji mtungini. Bei ilikuwa nzuri mno."

Alicheka. Sikuona la kuchekesha. Mtu aliyejenga jina lake juu ya kanuni kwamba mamlaka lazima yaandikwe amepata kitu anachokitaka, na kanuni imekwenda kupumzika. Wala hakuna aliyetuuliza sisi tunaoishi ndani ya hicho kitu.

Jumanne, 29 Novemba

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Lacaze alirudi jana. Leo asubuhi wakadiriaji walikutana mbele ya Don Evaristo. Wa Perrine alisema peso mia tano. Lacaze alisema elfu moja na mia mbili, bila haya, huku akimtazama Perrine meno kama atazamavyo farasi. Hakimu akamteua wa tatu, mfanyabiashara mzee mwenye sifa njema. Huyo akamwuliza Perrine maswali mawili juu ya afya yake na moja juu ya kazi yake, akasema: mia saba. Perrine ana mia saba na ishirini. Nilimwona akishika ukingo wa meza.

Ni desturi ya ofisi zetu kwamba tamko la mkadiriaji wa tatu husomwa tena kwa sauti mbele ya pande zote mbili, ndipo hakimu atie sahihi. Lacaze alikuwa ameshatoka. Aliposikia mia saba alivaa kofia akaenda zake. Don Evaristo alikuwa amekwisha kuchovya kalamu. Amechovya! Mimi ndiye niliyesema: Mheshimiwa, upande mmoja haupo. Hukumu yenye tundu itakatiwa rufaa mahakama kuu ya Havana, nayo Havana ni miezi minane. Tumwite Lacaze kesho asubuhi, isomwe, itiwe sahihi, iwe imekamilika pasi na shaka.

Don Evaristo aliniangalia. "Kesho kuna sherehe ya kukabidhi."

Nikasema: sherehe inahusu bendera, Mheshimiwa. Mahakama haifungwi kwa sababu kitambaa kimebadilishwa. Mkataba wenyewe wa mauzo unalinda haki za wakazi.

"Wewe ndiye msomi," akasema, akafuta kalamu.

Bado naona hoja yangu ilikuwa sahihi.

Jumatano, 30 Novemba

Mvua. Mizinga. Mhispania ameshusha bendera, Mfaransa amepandisha yake. Saa ileile afisa wa Mfaransa ametangaza kwamba baraza la Wahispania limevunjwa na mahakimu wake wamekoma kuwa mahakimu. Ameweka meya na madiwani. Mahakama hakuweka.

Faili la Perrine lina kurasa kumi na mbili. Ya kumi na mbili haina sahihi.

Alhamisi, 1 Desemba

Nilimwambia Perrine leo, ukingoni, mbele ya wateja wake, kwa sababu sikuthubutu kumwambia tukiwa peke yetu. Hakulia. Aliendelea kugeuza vitumbua.

"Alikuwa na kalamu mkononi?"

Ndiyo.

"Ina wino?"

Ndiyo.

"Na wewe ukamwambia asubiri."

Nikaanza kueleza juu ya rufaa ya Havana. Akanikatiza. "Kaka, ningepika vitumbua kwa utaratibu wako, mji huu ungekufa njaa." Mabaharia wawili wakacheka. Akanipa kitumbua kimoja, akadai senti yake, nikailipa.

Jumanne, 6 Desemba

Kwa Don Evaristo. Amejifunga shali, anaugua mafua, makasha yamejaa ukumbini. Nilimwomba atie sahihi leo kwa tarehe ya leo, pamoja na maelezo. Akatikisa kichwa. "Leo mimi ni mzee mwenye mafua, mwanangu. Sahihi yangu ya leo ina nguvu sawa na ya mpishi wangu." Sikumwomba abadilishe tarehe. Hakujitolea. Kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini.

Mlangoni akasema: "Jumanne ile ningetia, unajua." Najua!

Jumamosi, 17 Desemba

Mfaransa ana siku tatu tu zilizobaki za kumiliki nchi hii, na leo amezitumia kutangaza upya sheria ya watumwa ya babu zake, yenye umri wa karibu miaka themanini. Nimeisoma yote, mara mbili, nimesimama mbele ya ukuta ilipobandikwa. Bwana anaweza kumwachia huru mtumwa wake akipenda, na akipewa kibali. Mtumwa kumlazimisha bwana — hakuna. Ukadirio — hakuna. Hata kukatazwa haukukatazwa. Haumo tu, kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Muuzaji amekwisha kupokea bei, na bado anapanga upya vitu ndani ya nyumba aliyoiuza!

Jumanne, 20 Desemba

Bendera ya tatu katika siku ishirini. Uwanjani Wamarekani wachache walipiga vigelegele katika pembe yao. Wengine wote kimya. Mwanamke mmoja Mfaransa alilia waziwazi. Perrine, aliyekuwa amesimama kando yangu na kapu lake, alimtazama kwa mshangao. "Huyu naye kauzwa? Mwambie atazoea."

Gavana mpya, aliyeteuliwa na Rais, amesoma tangazo kwa Kiingereza. Nililisikiliza kwa makini. Sheria zote zilizokuwapo wakati serikali iliyopita ilipokoma zinaendelea kutumika.

Serikali iliyopita — ipi? Ikiwa ni ya Mhispania, Perrine ana haki yake. Ikiwa ni ya Mfaransa, ya siku ishirini, hana. Nilitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyeliona hilo. Watu walikuwa wanajikinga mvua.

Ijumaa, 23 Desemba

Haskins ameniletea gazeti kutoka mji mkuu wao. Sheria ya Bunge lao ya tarehe 31 Oktoba. Fupi. Nimeinakili kwa mkono wangu: mamlaka yote ya kijeshi, ya kiraia na ya kimahakama yanayotumiwa na maofisa wa serikali iliyopo hapa yatakuwa mikononi mwa mtu au watu watakaoteuliwa na Rais, nayo yatatumiwa kwa namna Rais atakavyoagiza.

Niliisoma mara tatu. Nikamwuliza Haskins kama nimeelewa: mtu mmoja, aliye mbali nasi mwendo wa wiki tano, amepewa yote yaliyokuwa ya mfalme wa Hispania, ya gavana wake, ya mahakimu wake?

"Yote. Kwa muda tu, wanasema."

Yeye ambaye chama chake kilichukia wafalme?

"Eh, Bwana Karani! Usiniangalie mimi. Mimi nilikuja kutafuta wateja."

Hasira yangu leo ni safi, na imenisaidia kufikiri. Kwa maana sheria hii ya aibu ina kitu ndani yake. Ikiwa Rais amepokea mamlaka yote ya kimahakama ya Wahispania, basi amepokea na mamlaka ya kumaliza ukadirio. Kalamu aliyoifuta Don Evaristo iko mikononi mwa gavana. Nimemwandikia ombi. Kurasa nne. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nimelala vizuri.

Jumatano, 28 Desemba

Perrine amekuja ofisini mbio, jambo asilolifanya kamwe. Amemsikia Lacaze sebuleni. Mjane amempatia mnunuzi: mkulima wa pamba wa Natchez. Mashua inaondoka tarehe 6 Januari.

"Pamba, kaka. Mimi! Sijawahi kushika jembe. Huko nitamuuzia nani vitumbua, kunguru?"

Natchez si sehemu ya nchi iliyonunuliwa. Ni ya Wamarekani kwa miaka mitano sasa. Huko hakuna faili, hakuna hakimu wa jana wala wa juzi. Akifika huko, hoja yangu yote inabaki karatasi.

Nikamwambia nimeshaandika ombi. Akauliza lina kurasa ngapi. Nikasema nne. Akafumba macho.

Jumanne, 3 Januari 1804

Gavana hasomi Kihispania wala Kifaransa, na anahukumu kesi za mji mzima mwenyewe. Watu wamepanga foleni hadi barabarani. Tulipokelewa na katibu wake, Bwana Pruitt, kijana nadhifu, mchovu, mwenye wino hadi kwenye kola. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: mnamlaumu nani hasa, Mhispania, Mfaransa au Rais? Nikasema simlaumu mtu, naomba. Perrine, ambaye haelewi Kiingereza, aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria.

"Mwambie wote watatu."

Sikumtafsiria hilo.

Mjane aliitwa jana na leo. Hakuja, hata udhuru hakutuma. Lacaze ameshatangulia Natchez kuandaa mapokezi. Bwana Pruitt hakufurahishwa na dharau hiyo. Ametuambia turudi Alhamisi na faili lote.

Alhamisi, 5 Januari

Naandika haya ukumbini mwa nyumba ya gavana, kwenye benchi, ubao wa kuandikia juu ya magoti. Mashua ni kesho asubuhi.

Bwana Pruitt amelipeleka suala ndani na amerudi na jibu, naye amelitoa kwa uwazi ninaoushukuru. Gavana hatachunguza kazi ambayo serikali iliyotangulia ilikwisha kuimaliza. Kama ukadirio ulikamilika chini ya Mhispania, bei imefungwa. Perrine atalipa leo hii, na askari atapelekwa kwa mjane na hati. Kama haukukamilika, ni jambo jingine. Hapo itabidi iulizwe kama Rais alirithi mamlaka ya kuukamilisha. Gavana hathubutu kulijibu peke yake. Ataandika barua mji mkuu.

Nikauliza barua huchukua muda gani kwenda na kurudi. Wiki kumi. Labda kumi na mbili, mito imefurika.

Nikasema: mashua ni kesho. Gavana amzuie mjane hadi jibu litakapofika.

"Kwa mamlaka gani?" akaniuliza. Hakunikejeli. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuonyeshwa ukurasa. "Bwana, hicho ndicho tutakachomwuliza Rais."

Nilipandisha sauti. Mimi! Nilisema Rais hakuuliza kwa mamlaka gani alipoinunua nchi yote hii, na watu waliomo, na mto wake. Hakungoja wiki kumi na mbili. Alisaini kwanza, mamlaka yakatafutwa baadaye, yakapatikana. Mlinzi akasogea hatua moja. Bwana Pruitt akawa mwekundu, akakunja karatasi zake, akasema kwa upole kwamba maoni hayo si ya kwake kuyajibu.

Kisha akasema: "Sisomi Kihispania, na gavana hasomi. Mkalimani wetu ni mgonjwa wiki hii. Wewe umeapishwa kama karani wa hati?" Nimeapishwa. "Basi nitafsirie faili, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiingereza, na uthibitishe kwa jina lako. Gavana anaondoka saa kumi. Atakachokisoma katika tafsiri yako ndicho atakachokitolea amri."

Akaingia ndani. Mlango umefungwa.

Nimemweleza Perrine, neno kwa neno, bila kuacha kitu. Ameelewa upesi kuliko nilivyotaka aelewe. Hakuniomba. Hilo ndilo lisilovumilika — hakuniomba! Amefungua kitambaa kilichofunga akiba yake, akakifunga tena, akasema tu: "Haya, kaka. Wewe ndiye msomi." Hakujua kwamba kuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo.

Mjane anajua ukweli, na Lacaze anajua, lakini mmoja hakuja na mwingine yuko mbali. Don Evaristo anajua, naye ana mafua. Baadaye itajulikana, hati asilia haipotei, nimeilinda mwenyewe. Kwa kosa la kughushi mtu huru wa rangi yangu hapotezi kazi tu. Nimepima yote hayo. Si hayo yanayonizuia.

Nimemaliza kurasa kumi na moja. Tafsiri ni nzuri. Kila neno nitalitetea. Saa ya ukutani inasema tisa na nusu. Umebaki ukurasa wa kumi na mbili, ambao chini yake, baada ya maneno "peso mia saba", kuna nafasi tupu yenye upana wa vidole vitatu. Mtafsiri mwaminifu huandika: hapa hapana sahihi.

Miaka kumi na mmoja nimeamini kwamba hati husomwa kwa kile kilichomo na si kwa kile tunachokihitaji. Sasa naiweka hoja mbele yangu, kwa utulivu niwezao, nami siwezi kuivunja: ikiwa Rais ameweza kusoma mamlaka ya kununua nchi mahali ambapo hayakuandikwa, na mataifa matatu yamekubali kwamba amesoma sawasawa, ni kanuni ipi iliyobaki ambayo inanikataza mimi kusoma sahihi mahali ambapo haikutiwa?